Shimo la Saba

Meneja alinipa karatasi, na kalamu iliyofungwa uzi,
akasema, Mwatima, wewe huogopwi na mtu,
simama pale wanapovua viatu
uwaulize: katika uwanja huu wa Bumbwini
mnathamini nini kuliko vyote?

Basi nikasimama. Mie mkata nyasi,
viganja vinanuka petroli,
naandika kama karani wa harusi anayeandika tunzo.

Wa kwanza, daktari wa meno kutoka Mwanza,
akasema: zulia. Akimaanisha pale penye bendera,
nyasi ninazozinyoa alfajiri hadi zikawa
kichwa cha mtoto siku ya arubaini.
Mpira ukisukumwa, alisema, uende kwa adabu,
usirukeruke kama umekanyaga siafu.
Nikaandika: ADABU YA MPIRA.

Mkewe akasema: kimya.
Alisema kwa sauti kubwa.

Mzee Jivanji wa Shangani,
aliyeanza kucheza bado ana nywele,
alikaa kwanza, akajipangusa shingo.
Uwanja mzuri, binti, ni ule ambao
usiku unaweza kuucheza tena kitandani,
shimo kwa shimo, bila kuchanganya.
Uwanja mbaya ni pishi ya mchele:
punje na punje, utazijuaje?
Nikamwuliza, na hapa kwetu unayakumbuka?
Akahesabu kwa vidole, akaruka la tano, akaruka la sita,
akafika la saba, akatabasamu.

La saba. Na wengine wakalitaja lile lile.

Ndilo linalomnyima meneja usingizi.
Mchoraji alikuja na miwani na ramani,
akapiga mstari mnyoofu toka kijiti hadi bendera,
asijue kuwa mstari wake unakatwa na njia
ya kisimani kwa Bi Mkasi,
njia nyembamba kama mshono wa kanzu,
iliyokuwapo kabla ya ramani, kabla ya miwani.
Uzio ukawekwa. Ukakatwa.
Ukawekwa. Ukakatwa.
Sheha akaitwa, chai ikanywewa,
njia ikabaki.

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni
mabwana wanasimama, fimbo begani,
wanangoja wanawake na madumu yao ya manjano wapite.
Hapana anayeharakishwa.
Time ana mimba ya miezi minane;
akishavuka hunyanyua mkono, husema, Haya, pigeni.
Wanapiga. Wengi wanakosea.

Pale ndipo pazuri, aliniambia kijana wa benki.
Sijui kwa nini. Labda ni kule kungoja.
Nikaandika: KUNGOJA. Nikalifuta.
Nikaliandika tena.

Hapana aliyetaja maji.

Usiku, kitandani, nasikia mabomba ya uwanja yakizunguka,
chwi, chwi, chwi,
yanalinywesha zulia nililolinyoa,
na mfereji wetu uani unatoa upepo tu,
unakohoa kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.
Mshahara wangu umo mle majini, najua.
Viatu vya skuli vya Mcha vimo mle.
Sisemi kitu.
Nasema nimesikia, basi.

Asubuhi meneja akasoma, akageuza, akasoma.
Mbona bahari haimo?
Wapo wawili, nikamwambia, niliwaweka nyuma.
Akacheka. Na wewe, Mwatima? Wewe wathamini nini?
Alikuwa akifanya mzaha, nami nilijua,
lakini kalamu bado ilikuwa na uzi wake mkononi mwangu.
Nikaandika chini kabisa, herufi za kubana:
Dumu la lita ishirini likipita, wote hunyamaza.

Hakunijibu. Aliikunja karatasi mara nne,
akaitia mfukoni, si kwenye jalada.

Nami nikaenda kuwasha mashine.
Nikifika kwenye njia ile huizima,
naisukuma kwa mikono mpaka ng'ambo,
majani yasirukie ndoo za watu.